Mseto si Kinga ya Safari

Msimu wa ufuta ukimalizika na fedha za mnada zikishaingia, swali linalonifikia huwa lile lile. Mfanyabiashara wa Mingoyo, mkoani Lindi, anayekwenda Dubai au Guangzhou kufuata mzigo huuliza: "Daktari, nimeze dawa ya mseto ya malaria kabla ya kupanda ndege, homa isije ikanikuta ugenini?" Wauza nguo wameuliza, wauza vipuri vya pikipiki wameuliza. Wengine wameshameza, wanataka tu niwaambie kwamba wamefanya vyema. Hawakufanya vyema, na nimechoka kulisema hili kwa upole.

Mbu akikuuma usiku wa kuamkia safari, vimelea vya malaria havibaki kwenye damu. Huenda moja kwa moja kwenye ini, vikazaliana humo kwa karibu wiki nzima. Mseto hupigana na vimelea vilivyo kwenye damu. Vilivyo kwenye ini hauviwezi. Kwa hiyo vidonge ulivyomeza stendi vinamtafuta adui mahali ambapo bado hajafika. Artemetha, moja ya dawa mbili zilizomo, huisha mwilini kwa saa chache. Lumefantrini, ya pili, hubaki siku kadhaa, lakini kila siku inapungua. Vimelea vinapotoka kwenye ini hukutana na dawa iliyofifia: vinyonge hufa, vikaidi husalia na kuzaana. Usugu wa dawa huanzia hapo. Mkoani Kagera vimeshathibitika vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, dawa mama ya artemetha, na sisi wa Kusini hatuna sababu ya kuvitengeneza vya kwetu.

Ubaya huzidi pale mtu anapomeza vidonge vinne tu "vya kinga" na kuvihifadhi vilivyobaki. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Vinne peke yake si kinga wala si tiba.

Hapo nitajibiwa kwamba fulani alimeza, akaenda China, akarudi mzima. Alirudi mzima kwa kuwa hakuwa na malaria. Mtu asiyeumwa akimeza dawa kisha asiumwe, dawa haijathibitisha kitu. Nitaambiwa pia kwamba sisi watu wa Pwani tumeizoea malaria. Mtu mzima aliyekulia hapa ana kinga kiasi, inayopunguza ukali wa ugonjwa. Haizuii kuugua, na mjamzito asiitegemee kabisa.

Hasara kubwa ya mseto wa safari ni kwamba unakupumbaza. Malaria kali huanza kuonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja. Hizo ndizo siku ambazo mfanyabiashara yuko Deira ya Dubai au Xiaobei ya Guangzhou akizunguka madukani. Mwili ukimchemka anasema ni uchovu, au ni kiyoyozi cha hoteli, "maana malaria nimeshaimeza." Daktari wa huko naye haiwazii. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa hauna malaria mwaka 2007, na China tarehe 30 Juni 2021. Artemisinini yenyewe iligunduliwa China, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Pamoja na hayo, daktari kijana wa Guangzhou anaweza kumaliza miaka bila kumwona mgonjwa wa malaria. Ataanza kwa kudhani ni mafua. Malaria kali huweza kuua ndani ya siku chache, na siku mbili za kubahatisha ni nyingi mno.

La kufanya ni hili. Lala ndani ya chandarua mpaka usiku wa mwisho kabla ya kuondoka. Ukiwa na homa, pima kwanza, hata ikibidi kufika Hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Ukikutwa na malaria, maliza dozi yote pamoja na chakula chenye mafuta. Kata bima ya safari inayolipia matibabu. Dawa zako zibaki kwenye maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari. Unayekwenda Msumbiji, chukua chandarua. Malaria ya Pemba ya Msumbiji haina tofauti na ya hapa. Ndugu aliyekaa miaka mingi Dubai au Muscat na anakuja kusalimia, kinga yake imeshuka: huyo ndiye anayehitaji dawa halisi ya kujikinga, kama doksisaiklini, kila siku kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuja hadi wiki nne baada ya kuondoka. Watoto na wajawazito wapangiwe nyingine na daktari.

Na popote ulipo, ukipata homa ndani ya miezi mitatu tangu uondoke Tanzania, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sema waziwazi: "Natoka Tanzania, nipimeni malaria."