Maandishi na Vazi Lake: Laha za Mitindo katika Hifadhi za Nyaraka

Katika viwanda vya zamani vya kupiga chapa, muswada ulimfikia mpanga herufi ukiwa umejaa maagizo ya kalamu pembeni: kichwa hiki kiwe cha herufi nene, aya hii isogezwe ndani, hapa iachwe nafasi. Maneno yalikuwa ya mwandishi, na maagizo yalikuwa ya mhariri. Maagizo yote yangeweza kubadilishwa pasipo kuguswa neno hata moja.

Mgawanyo wa namna hiyo umo pia katika kurasa za tovuti. Maandishi hupangwa kwa lugha iitwayo HTML, ambayo kazi yake ni kueleza kila kipande ni nini: hiki ni kichwa, hii ni aya, haya ni maneno yaliyofutwa. Maagizo ya sura, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi, huwekwa katika faili ya pekee iitwayo laha ya mitindo, nayo huandikwa kwa lugha ya CSS. Programu ya kufungulia kurasa, yaani kivinjari, husoma faili zote mbili, kisha huchora ukurasa kwenye skrini.

Fikra hiyo ilipendekezwa tarehe 10 Oktoba 1994 na Håkon Wium Lie, mtaalamu kutoka Norwei, alipokuwa akifanya kazi CERN karibu na Geneva, mahali pale pale ambapo Tim Berners-Lee alikuwa ameibuni Wavuti. Bert Bos wa Uholanzi akaungana naye, na kanuni rasmi za kwanza zikatolewa Desemba 1996. Kwa hifadhi ya nyaraka faida yake ni dhahiri. Hifadhi yenye kurasa 10,000 inaweza kubadili sura ya kurasa zote kwa kusahihisha faili moja tu, na nyaraka zenyewe zikabaki kama zilivyo.

Lakini kanuni husomwa na watu, na watengenezaji wa vivinjari hawakuzisoma kwa namna moja. Mfano ulio maarufu ni ule wa sanduku. Kivinjari huchukulia kila kipande cha ukurasa kuwa kimo ndani ya sanduku la pembe nne. Katikati yapo maandishi. Kuyazunguka ipo nafasi tupu. Na kuizunguka nafasi hiyo upo mstari wa mpaka. Sasa laha ikiagiza kwamba upana uwe nukta 350, ni upana wa nini? Kanuni za mwaka 1996 zilisema ni upana wa maandishi peke yake. Internet Explorer 5 ya mashine za Windows, iliyotoka mwaka 1999, ilihesabu kuwa ni upana wa sanduku zima, pamoja na mpaka wake.

Hebu mwanafunzi achukue kalamu na kupiga hesabu. Tuseme hifadhi inaonyesha barua ya kale: kushoto ipo picha ya barua, na kulia yapo maandishi yake yaliyonakiliwa, ili msomaji alinganishe mstari kwa mstari. Ukurasa una upana wa nukta 700, na kila sanduku limepewa 350. Kila upande wa sanduku una nafasi tupu ya nukta 20 na mpaka wa nukta 5, yaani nukta 50 kwa pande zote mbili. Katika kile kivinjari cha mwaka 1999, masanduku mawili yatachukua 350 + 350, yaani 700 barabara. Katika kivinjari kinachofuata kanuni, kila sanduku litakuwa 350 + 50, na yote mawili yatahitaji nukta 800. Nafasi haitoshi. Sanduku la pili litashuka chini ya la kwanza, na msomaji aliyetaka kulinganisha ataona picha tupu na kudhani kwamba nakala haipo.

Ili kuponya tatizo hilo, Tantek Çelik alibuni hila iliyosifika sana miongoni mwa mafundi. Alitumia agizo linalohusu sauti ya kusomea ukurasa, jambo lisilohusiana hata kidogo na upana, akaliandika kwa alama ambazo kivinjari chenye kosa kingezielewa vibaya na kuacha kusoma papo hapo. Vivinjari vingine viliendelea mbele na kukuta kipimo sahihi. Ni werevu wa kustaajabisha. Lakini kwa maoni yangu hila za aina hii hazifai katika hifadhi. Zimefungamana na kosa la mashine fulani, na mashine hiyo ikishatoweka hubaki fumbo tu kwa mtunzaji ajaye. Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 ilifuata kanuni pale ukurasa ulipoanza na tamko linalofaa, na mnamo Juni 2022 Internet Explorer 11 nayo ikastaafishwa katika matoleo mengi ya Windows 10. (Jambo la kuchekesha ni kwamba waandishi wengi wa kurasa waliiona hesabu ile iliyolaumiwa kuwa rahisi zaidi, na siku hizi CSS ina agizo la kuichagua kwa hiari.)

Dawa bora zaidi imo ndani ya kanuni zenyewe tangu mwanzo: kivinjari kikikuta agizo kisilolijua, kiliruke na kuendelea na linalofuata. Kwa sababu hiyo mtunzaji anaweza kuanza na maagizo machache yanayoeleweka kote, kisha akaongeza mapambo. Kivinjari cha zamani kitakosa mapambo, hakitakosa maandishi.

Hapo ndipo linapokuja swali zito: kipi ni mtindo, na kipi ni sehemu ya waraka? Miswada mingi ya Kiswahili ya pwani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zisomwazo kutoka kulia kwenda kushoto. Mwelekeo huo unaweza kuagizwa katika CSS, lakini wataalamu wa W3C, chombo kinachosimamia kanuni hizi, hushauri uandikwe katika HTML, kwa kuwa ni mali ya maandishi yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno ambayo mwandishi wa kale aliyakata kwa kalamu. Mtunzaji akiyaonyesha kwa rangi nyekundu tu iliyoagizwa katika laha, siku ukurasa utakaponakiliwa bila laha yake, maneno yaliyofutwa na yasiyofutwa yatasomeka sawasawa, na ushahidi utakuwa umepotoka bila mtu kutambua. Nakala za namna hiyo si jambo la nadra, maana faili mbili huweza kutengana.

Mwaka 2013 CERN ilirudisha katika anwani yake ya asili nakala ya mwaka 1992 ya tovuti ya kwanza duniani. Haina laha yoyote, nayo husomeka katika vivinjari vya leo bila taabu.

Shule yenye kompyuta inaweza kufanya jaribio hili. Fungueni ukurasa wa hifadhi yoyote katika vivinjari viwili tofauti na mpime masanduku yake. Kisha, katika Firefox, chagueni katika menyu ukurasa uonyeshwe bila mtindo wowote, na mwanafunzi mmoja asome kwa sauti kile kilichobaki huku wenzake wakifuatilia katika picha ya waraka.