Kadi za Maswali Katika Simu na Jedwali la Kuzidisha



Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jambo moja la hesabu litakalowafaa wanafunzi na wazazi wao pia. Nimechagua jedwali la kuzidisha, na namna ya kumsaidia mtoto kulishika kwa kutumia kadi za maswali zilizomo katika simu. Huenda wengine wakasema kwamba jambo hili ni la shule ya msingi, wala si letu sisi wa sekondari. Nawaomba wavumilie kidogo, kwa maana ni letu hasa.

Mwezi wa Januari wa kila mwaka sisi waalimu huwapokea wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza, na baada ya majuma machache hujulikana wale ambao hawawezi kutaja 7 × 8 pasipo kuhesabu vidole. Mtoto wa namna hiyo si mjinga. Mtume sokoni, atarudi na chenji kamili. Lakini mpe sehemu ya 42/56 aifupishe, mara amekwama, kwa sababu haoni upesi kwamba 42 ni 6 × 7 na 56 ni 7 × 8. Akifika katika aljebra mambo huzidi. Tuseme ameulizwa avunje x² + 15x + 56 katika mabano mawili. Sharti atafute namba mbili ambazo zikizidishwa zapata 56, na zikijumlishwa zapata 15. Anayelijua jedwali huziona 7 na 8 mara moja. Asiyelijua hujaribu moja baada ya moja, na kabla hajafika amekwisha kusahau alichokuwa akitafuta. Akili ya mwanadamu haishiki mambo mengi kwa wakati mmoja. Ikishughulika na kuzidisha, haina nafasi ya kufikiri juu ya swali lenyewe.

Jambo baya zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe huanza kusadiki kuwa hana kichwa cha hesabu. Basi huacha kujaribu, na milango mingi ya masomo na kazi humfungia, kumbe alichokosa ni namba chache tu.

Liko na jambo la lugha. Katika shule za msingi za serikali mtoto wa Tanzania hujifunza kwa Kiswahili; husema "saba mara nane, hamsini na sita." Akija sekondari husikia hesabu ile ile kwa Kiingereza. Mwaka 2001 wataalamu wawili, Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin, walitoa habari za majaribio waliyowafanyia wanafunzi waliojua Kirusi na Kiingereza. Hesabu kamili walizofundishwa kwa lugha moja walizijibu upesi zaidi katika lugha ile ile kuliko katika lugha ya pili. Basi mtoto ambaye jedwali lake lalegalega kwa Kiswahili, hana budi kupata taabu mara mbili linapogeuzwa kuwa Kiingereza. Kadi iliyoandikwa "7 × 8" kwa tarakimu haina lugha. Leo ataisoma kwa Kiswahili, kesho kwa Kiingereza, na hivyo atavuka daraja bila kuanguka.

Namba zenyewe ni ngapi?

Mtoto akilitazama jedwali la 1 mpaka 10 huona majibu 100, naye hukata tamaa. Yafaa tumwonyeshe kwamba mzigo si mkubwa hivyo. Chukua trei ya mayai. Ina mistari 6 yenye mayai 5 kila mmoja, jumla mayai 30. Igeuze upande: sasa ina mistari 5 yenye mayai 6, na mayai ni yale yale 30. Kreti ya soda ni vivyo hivyo: 4 × 6 ni chupa 24, na 6 × 4 ni chupa 24. Mtoto akiisha kuelewa hivyo, majibu 100 yamepungua yakawa 55.

Tena jedwali la 1 na la 10 halina kazi. La 2 ni kujumlisha namba na nafsi yake, na la 5 huishia 0 au 5 sikuzote. Tukiyaondoa hayo manne, yamebaki 21. Jedwali la 9 lina msaada wa vidole: nyosha vidole vyote 10 mbele yako, na ukitaka 4 × 9, kunja kidole cha nne toka kushoto. Kushoto kwake vimebaki vidole 3 na kulia 6. Jibu ni 36. Tukiweka la 9 kando kwa kitambo, yamebaki majibu 15 tu, nayo ni haya:

3 × 3, 3 × 4, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8;
4 × 4, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8;
6 × 6, 6 × 7, 6 × 8;
7 × 7, 7 × 8;
8 × 8.

Hayo ndiyo yanayowazuia watoto wengi njiani. Mambo 15! Mtoto anayejua majina ya wachezaji wote wa timu yake hawezi kushindwa na haya.

Kwa nini kadi?

Wengi wetu tulijifunza jedwali kwa kuliimba darasani. Sikatai kuimba, huwapa watoto moyo, na huwazoesha mpango wa namba. Lakini aliyejifunza kwa kuimba tu, ukimwuliza 7 × 8, huanza saba mara moja, saba mara mbili, mpaka afike. Ni kama mtu ambaye hawezi kuingia nyumbani kwake mpaka aanzie mwisho wa mtaa. Kadi humzoesha kwenda moja kwa moja mlangoni.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijijaribu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, naye alitoa kitabu chake mwaka 1885. Aliona kwamba mtu husahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Na ya kuwa kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali kwafaa kuliko kurudia mara nyingi siku moja. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walizisoma tena, na wengine waliulizwa wazikumbuke bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walishinda. Lakini baada ya juma moja, waliojitahidi kukumbuka ndio walioshinda. Maana yake ni kwamba ile taabu ya kulitafuta jibu kichwani ndiyo inayolikaza.

Kadi ya maswali hukusanya mambo hayo mawili. Mbele ina swali, nyuma ina jibu, na mtoto hutaja jibu kabla ya kuigeuza. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza katika kitabu namna ya kuzipanga kadi katika sanduku lenye vyumba kadha. Kadi uliyoijua husogea chumba cha mbele, ambako huulizwa mara chache. Uliyoikosa hurudi chumba cha kwanza, ambako huulizwa kila siku. Baadaye Piotr Woźniak wa Poland aliitia kazi ya namna hiyo katika kompyuta mwaka 1987. Siku hizi ziko programu nyingi. Mojawapo ni Anki, iliyoanza mwaka 2006. Kwa kompyuta na kwa simu za Android haina malipo, na ikiisha kupakuliwa, kadi hufanya kazi hata pasipo intaneti. Basi mzazi asiogope gharama ya bando kila siku.

Kwa hiyo simu hapa ni karani tu. Hukumbuka ni kadi gani imekosewa, na ni siku gani ya kuiuliza tena. Kazi ya kujifunza hubaki kwa mtoto.

Namna ya kufanya

Kwanza, tengenezeni kadi wenyewe. Mbele andikeni 7 × 8, nyuma 56. Andikeni na kinyume chake, 8 × 7. Katika yale majibu 15, matano ni ya namba kuzidishwa kwa nafsi yake, nayo hayana kinyume. Kwa hiyo kadi zote ni 25 tu. Mtoto akiziandika mwenyewe, amekwisha kujifunza kidogo.

Pili, kabla ya kadi, hakikisheni mtoto anaelewa maana. Apange mbegu za maharage mistari 3, kila mstari mbegu 4, kisha azihesabu. Kukariri jambo usilolielewa ni kubeba maji kwa pakacha.

Tatu, ingizeni majibu mapya 3 kwa siku, wala msizidishe. Kwa siku 5 yote 15 yatakuwa yameingia. Baada ya hapo ni kurudia: kadi aliyoijua irudi kesho, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya juma moja, kisha majuma mawili. Aliyoikosa irudi siku ile ile. Programu hupanga vipindi vyake yenyewe.

Nne, dakika 10 zatosha. Mtoto atoke akiwa bado ana hamu.

Tano, akikosa, asipewe jibu kavu. Mwulizeni, "Wajua nini kilicho karibu?" Akijua kwamba 7 × 7 ni 49, na aongeze 7 apate 56. Au akijua 4 × 7 ni 28, na airudufu: 28 na 28 ni 56. Kwa njia hiyo, hata akisahau siku ya mtihani, ana njia ya kurudi.

Sita, akiisha kuzishika zile 25, aongeze za jedwali la 9, kisha kadi za kugawanya, kama 56 ÷ 7. Sehemu na aljebra hutaka njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Mambo ya kujihadhari

Ziko programu ambazo huonyesha swali na majibu manne ya kuchagua. Mtoto anaweza kubahatisha akapata moja katika nne pasipo kujua lolote. Chagueni ile inayomtaka alitaje au aliandike jibu mwenyewe. Nyingine zina saa inayokimbia na kengele ya kutisha. Upesi ni jambo zuri, lakini huja baada ya kujua. Mtoto mwoga akikimbizwa huzidi kusahau. Nyingine tena zimejaa matangazo, na mtoto aliyeanza na 6 × 8 mwishowe hukutwa akitazama vikatuni. Afadhali simu ikatwe mtandao kwa zile dakika 10.

Najua vilevile kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, wala sitaki mtu aitumie makala hii kuwa kisingizio. Simu ninayoisema ni ya baba au mama, nyumbani, jioni, kwa ruhusa yake.

Na nyumba isiyo na simu ya namna hiyo haikukosa kitu kikubwa. Kateni kadi 25 katika boksi la kawaida. Tafuteni boksi la viatu, mligawe vyumba vitatu: cha kila siku, cha kila siku ya tatu, na cha kila juma. Kadi iliyojuliwa husonga mbele, iliyokosewa hurudi mwanzo. Kazi ni ile ile, ila karani amekuwa mtu badala ya simu.

Wazazi wengine hunijibu kwamba wao hawakusoma sana, basi watamsaidiaje mtoto? Kwa kadi hakuna shida hiyo. Jibu limeandikwa nyuma. Mzazi, hata bibi, aweza kushika kadi, akaonyesha swali, akangoja, kisha akageuza. Ambaye hasomi tarakimu hukaa karibu akasikiliza. Mtoto hujitahidi zaidi akijua kwamba yuko anayemngoja.

Mwisho, nina neno kwenu wanafunzi. Likizo i karibu. Wengi wenu mna ndugu wadogo walio darasa la tatu, la nne, au la tano. Tengenezeni zile kadi 25 mkawaulize kila jioni. Ninyi wenyewe, ikiwa 7 × 8 bado yawapa taabu, hakuna atakayewacheka, kwa kuwa mwenye kushika kadi hujifunza sawasawa na mwenye kujibu. Likizo ya mwezi mmoja ina nafasi ya kutosha kabisa kuyaingiza majibu 15 na kuyarudia mpaka yakae.

Anayelijua jedwali huwa hajaijua hesabu yote, lakini anaweza sasa kuanza kuijua. Nawatakia likizo njema na kazi njema.