Kaakaa Laini: Kutoka Darasa la Fonetiki hadi Chumba cha Upasuaji

Mwanafunzi wa fonetiki hufundishwa mapema kwamba kaakaa laini ni kama mlango kati ya kinywa na pua. Linapoinuka na kugusa ukuta wa koromeo, hewa yote hupitia kinywani, nasi tukapata sauti kama b, t na s. Linapoteremka, hewa hupitia puani, tukapata nazali m, n, ny na ng'. Makala haya yanawatazama watu wengine wanaoutegemea mlango huo, yaani wapigaji wa ala za kupuliza.

Katika mazungumzo ya kawaida, shinikizo la hewa kinywani ni dogo, takriban sentimita 5 hadi 10 za maji. Mpigaji wa tarumbeta au wa obo, ala ya jamii ya zumari, anaweza kufikisha sentimita 100 na zaidi. Ndiyo maana mtu huweza kuzungumza vizuri kabisa, lakini akishapuliza kwa muda kaakaa huchoka, hewa huvuja puani kwa mkoromo na sauti ya ala hukatika. Kwa anayeishi kwa muziki, riziki imo hatarini.

Kumsikiliza mgonjwa akizungumza hakutoshi. Daktari hupitisha puani mrija mwembamba wenye kamera huku mgonjwa akipuliza ala yake mwenyewe. Wakati mwingine hugundulika kwamba misuli ya kaakaa ina ufa uliofichwa na utando. Kidakatonge chenye ncha mbili ni mojawapo ya dalili za ufa huo.

Matibabu huanza kwa kupumzika na kwa mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa matamshi. Yasipofaa, kuna njia za upasuaji. Ya kwanza ni kudunga mafuta ya mgonjwa mwenyewe katika ukuta wa nyuma wa koromeo ili usogee mbele. Ya pili ni kurefusha kaakaa na kupanga upya misuli yake kwa mikato yenye umbo la herufi Z, njia iliyoelezwa na daktari Leonard Furlow wa Marekani katika makala yake ya mwaka 1986. Ya tatu ni kushona kipande cha nyama ya koromeo kwenye kaakaa, hewa ikiachiwa vipenyo vidogo pembeni.

Hata hivyo, mlango ukizibwa kupita kiasi mgonjwa hukoroma, hupumua kwa shida usingizini na nazali zake hufifia. Sauti m hukaribia b, hata "mama" akasikika kama "baba". Kwa hiyo daktari mwangalifu huchagua marekebisho madogo kadiri iwezekanavyo.

Walimu wenzetu, mwanafunzi wa bendi akilalamika kwamba hewa inamtoka puani, tusimwambie apulize kwa bidii zaidi. Tumshauri amwone daktari wa masikio, pua na koo.