Sura ya Saba: Volti 24 na Saa Moja

Tarehe 10 Januari 1985, Sir Clive Sinclair aliwaita waandishi wa habari Alexandra Palace, kaskazini mwa London, awaonyeshe gari la siku zijazo. Theluji ilikuwa imetanda. Gari lenyewe lilikuwa kijigari cheupe cha plastiki chenye magurudumu matatu. Dereva aliketi karibu agusane na lami, usukani ukiwa chini ya mapaja na pedali mbele yake kwa ajili ya milima. Liliitwa C5. Ilikuwa na betri moja ya volti 12, mota ya wati 250, mwendo usiozidi kilomita 24 kwa saa, na bei yake ilikuwa pauni 399. Hata kijana wa miaka 14 aliruhusiwa kuiendesha bila leseni. Waandishi walioijaribu walirudi wakinung'unika: baridi iliinyonya betri kabla ya wakati, na kwenye mlima miguu ndiyo iliyofanya kazi. Kufika Agosti mwaka huohuo uundaji ulikuwa umesimamishwa.

Kibiashara ilikuwa aibu. Kwa wapenda kuunda vitu, hata hivyo, C5 ilikuwa zawadi, kwani walipata bodi nyepesi, ekseli na mota kwa bei ya kutupa. Wengi walizinunua, wakang'oa mota ya Sinclair na kufunga kubwa zaidi. Ukitafuta babu wa gokati ya umeme ya kujiundia nchini Uingereza, huyu anafaa kuliko wengi.

Gokati yenyewe ni ya Marekani. Art Ingels aliunda ya kwanza huko California mwaka 1956, akaifunga injini ndogo ya petroli ya aina inayotumika kwenye mashine za kukata nyasi. Kabla yake watoto walikuwa wakiteremka milima kwa vigari visivyo na injini: wa London kwa magurudumu ya vibebeo vya watoto wachanga, wa Nairobi na Dar es Salaam kwa mbao na beringi kuukuu. Mteremko wa Alexandra Palace bado una mbio za namna hiyo, zile za Red Bull, ambazo nguvu yake ni mlima tu.

Umeme umeurudisha mchezo huu mikononi mwa watu wa kawaida, na sababu kubwa ni mitumba. Skuta za wazee huuzwa kwa bei nafuu zikishachakaa viti, ilhali mota zake bado nzima. Kontrola, yaani kile kiboksi kinachopimia mota umeme kwa kadiri kanyagio linavyobonyezwa, huagizwa kutoka China. Mota ya wati 1,000 ya skuta inabebeka kwa mkono mmoja. Kinachobaki ni chuma cha kuchomelea fremu, mnyororo, breki, na hesabu.

Hesabu ndiyo huwashinda wengi, na huanzia kwenye meno ya gia. Chukua mota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika na tairi la kipenyo cha sentimita 30. Kila tairi likijizungusha mara moja, gari linasogea sentimita 94 hivi. Ukitaka kilomita 40 kwa saa, tairi linapaswa kuzunguka mara 700 na ushei kwa dakika, kwa hiyo mota izunguke zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko wa tairi. Kama gia ndogo ya mota ina meno 11, ile ya ekseli iwe na 47. Fundi mwenye pupa huweka meno 30 akitumaini kukimbia zaidi. Anachopata ni mota inayokokota, isiyofika mwendo wake, inayonyonya ampea nyingi na kuzigeuza joto. Joto ndani ya waya hupanda kwa mraba wa ampea: kutoka 20 hadi 40 mkondo umeongezeka mara mbili, joto mara nne. Harufu ya vanishi ya mota inayoungua haimtoki mtu puani upesi.

Halafu kuna betri. Mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 24, na zikiwa za ampea-saa 36, karatasi inakuahidi wati-saa 864. Lakini ahadi hiyo ni ya betri inayotumika polepole, kwa saa 20. Betri ya risasi ina tabia ya ng'ombe anayekamuliwa na mgeni mwenye haraka: inazuia. Imalize kwa saa moja na huenda ikakupa theluthi mbili tu ya kilichoandikwa. Upepo nao hauna huruma. Nguvu ya kuupasua hukua kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 30 hadi 40 kwa saa gharama ya upepo peke yake inazidi mara mbili.

Hapo ndipo shule za Uingereza zilipopata somo zuri. Greenpower, taasisi ya hisani iliyoanza mbio zake katika uwanja wa Goodwood mwaka 1999, huwapa wanafunzi wote mota ya aina moja na betri za aina moja, volti 24, kisha inawaacha waunde gari. Watoto wa shule za msingi wana daraja lao, na wa umri wa miaka 11 hadi 16 lao. Kwa kuwa hakuna anayeweza kununua mota kubwa zaidi, ushindi unatafutwa kwingine: gari jembamba kama mtumbwi, dereva amelala chali, tairi zimejazwa upepo hadi zimekuwa ngumu, na macho hayabanduki kwenye kipima ampea. Anayekimbia sana mwanzoni hupitwa mwishoni na wale aliowacheka.

Upande wa watu wazima ni vurugu tupu, na pengine ndio unaopendeza zaidi. Mwaka 2009 wanachama wa karakana ya pamoja ya Pumping Station: One mjini Chicago walianza kushindanisha magari ya kuchezea ya watoto yaliyoongezwa nguvu, kwa masharti kwamba gharama isizidi dola 500. Mwaka huohuo karakana nyingine ya namna hiyo, London Hackspace, ilianzishwa. Baadaye ilikaa Hackney Road, mahali ambapo mkazi wa ghorofani asiye na gereji aliweza kuchomelea chuma usiku wa manane. Waanzilishi wake ndio walioanzisha kambi ya mafundi ya Electromagnetic Field mwaka 2012, na katika kambi ya 2018, huko Eastnor, mbio za Hacky Racers zilianza: vigari vifupi vyenye maumbo ya kichekesho, na watazamaji wanaoshangilia ubunifu sawa na mwendo.

Kichekesho kinaishia kwenye nyaya. Fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, na spana huwekwa mbali, kwani ikidondokea vichwa viwili vya betri huiva nyekundu kabla hujaitoa. Swichi ya dharura nayo lazima ikate umeme wa betri wenyewe. Kuizima kontrola pekee hakutoshi: transista zake zikiungua mara nyingi huacha njia wazi, na mota hupokea nguvu zote huku dereva ameshaachia kanyagio.

Tatizo la mkazi wa London ni pa kujaribia. Gokati hairuhusiwi barabarani, na hata kuendesha humo skuta ya umeme ya kusimamia ya binafsi ni kosa. Polisi wa jiji hili wamezoeana na magari ya umeme tangu zamani: mtu wa kwanza kutiwa hatiani Uingereza kwa kuendesha gari akiwa amelewa, George Smith, alikuwa dereva wa teksi ya umeme, Septemba 1897, akatozwa shilingi 25. Usafiri wa umma nao umebana. Novemba 2021 skuta ya aina hiyo iliwaka moto kituo cha Parsons Green, na Desemba mamlaka ya usafiri ikapiga marufuku skuta za binafsi kwenye treni na mabasi yake. Betri ya lithiamu, kama ya skuta hizo, iliyopondwa au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake huweza kuwaka kwa dakika chache na kurudia kuwaka baada ya kuzimwa. Kwa hiyo mafundi wengi bado wanabaki na betri za risasi pamoja na uzito wake wote, na Jumamosi asubuhi wanachanga pauni za kukodi gari la mizigo, wanaifunga gokati kwa kamba, na kuelekea kwenye uwanja uliolipiwa nje ya jiji.