Lawalawa Haiponi kwa Wembe

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya lawalawa. Jina hili linajulikana sana katika Mkoa wa Singida na Mkoa wa Dodoma. Wasomaji wetu wa Issuna na vijiji vingine vya Wilaya ya Ikungi wamelisikia tangu utotoni. Lakini je, tunajua lawalawa ni nini hasa? Na je, tunajua dawa yake?

Tuchukue mfano

Mama mmoja kijana ana mtoto wa kike wa miezi minne. Kwa siku mbili mtoto ana homa. Analia kila anapokojoa. Mama anamfungua nguo na kuona sehemu zake za siri zimekuwa nyekundu, tena zinatoa uchafu wenye harufu.

Mama mkwe anamtazama mtoto, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ni lawalawa. Nitamwita yule bibi aje usiku. Usimwambie mtu."

"Mama, tumpeleke kwanza zahanati," anasema yule mama kijana.

"Zahanati hawaijui lawalawa. Unataka mtoto afe?"

Mama kijana anamgeukia mumewe. Mume anavaa kofia yake na kutoka nje. "Hayo ni mambo ya wanawake," anasema.

Hatukutaja jina la mtu wala la kijiji, kwa sababu mfano huu ni wa kujifunzia. Lakini katika nyumba hii mtoto yumo katika hatari mbili. Hatari ya kwanza ni ugonjwa. Hatari ya pili ni wembe. Tuzitazame moja moja.

Lawalawa ni nini?

Wataalamu wa afya wanatuambia kuwa kinachoitwa lawalawa ni maambukizo. Maana yake ni kwamba vijidudu vimeingia katika njia ya mkojo au katika uke. Vijidudu hivyo ni vidogo mno, hatuwezi kuviona kwa macho.

Vijidudu hupataje njia? Mara nyingi hutoka katika kinyesi. Mtoto akikaa muda mrefu na nguo iliyolowa mkojo au kinyesi, ngozi yake huchubuka na vijidudu huongezeka. Mama akimpangusa mtoto kutoka nyuma kuja mbele, huleta uchafu wa haja kubwa penye njia ya mkojo. Mahali penye shida ya maji, kama vijiji vyetu wakati wa kiangazi, ugonjwa huu hupata nafasi.

Yako pia mambo mengine yanayoleta muwasho. Kuna fangasi. Kuna minyoo midogo myeupe inayotoka usiku na kumfanya mtoto ajikune. Tena, mara nyingine dalili hizi huonyesha kuwa mtoto ameingiliwa na mtu mzima. Hii ndiyo sababu nyingine ya kumpeleka mtoto kwa mganga wa zahanati. Kazi yake ni kutafuta chanzo.

Yapo maambukizo yanayotibiwa kwa dawa ya kunywa au sindano ya kuua vijidudu, na yapo yanayotibiwa kwa dawa ya kupaka. Kila chanzo kina dawa yake. Lakini mtoto asipotibiwa, vijidudu vinaweza kupanda mpaka kwenye figo na kuziharibu.

Mbona wazee walisema wembe unaponya?

Hapa yafaa tujue historia. Wanyaturu walikuwa na desturi ya kuwakeketa wasichana kabla ya nchi kupata uhuru. Lakini wakati ule hawakuwa wakifanya hivyo ili kutibu lawalawa. Ilikuwa desturi ya kumwingiza msichana katika utu uzima.

Baada ya uhuru, serikali ilianza kupinga desturi hiyo. Ndipo katika miaka ya 1970 habari za lawalawa zikaenea katika mikoa ya kati. Watu wakasema mizimu imekasirika kwa sababu mila imeachwa, na kwamba mtoto hawezi kupona mpaka akatwe.

Mwaka 2012 jarida moja la kimataifa la afya ya uzazi lilichapisha makala kuhusu kazi iliyofanywa na wananchi pamoja na wataalamu miongoni mwa Wanyaturu wa Singida. Makala hiyo ilieleza kuwa imani ya lawalawa iliipa desturi iliyokatazwa njia ya kuendelea. Jambo likikatazwa kwa jina la mila, hurudi kwa jina la dawa. Ilieleza pia kuwa watu walipofundishwa kuwa lawalawa ni maambukizo yanayotibika, wengi waliona hakuna tena sababu ya kukata.

Utauliza, "Lakini mbona mtoto wa jirani alikatwa akapona?" Ni swali zuri. Baadhi ya maambukizo hupungua yenyewe kwa siku chache. Wengine huoshwa na kutunzwa vizuri zaidi baada ya kukatwa, nao hupata nafuu kwa sababu ya usafi. Jogoo huwika na kukakucha, lakini jogoo siye anayeleta jua.

Fanya jaribio la akili. Jirani zetu Wasukuma kwa kawaida hawakeketi. Je, watoto wao wa kike hawaugui njia ya mkojo? Wanaugua, kama watoto wa mahali popote duniani. Hupelekwa zahanati, hupewa dawa, hupona. Hawakatwi kitu.

Madhara ya wembe

Ukeketaji ni kukata sehemu ya viungo vya siri vya mwanamke pasipo sababu ya matibabu. Kiungo kinachokatwa si ugonjwa. Ni sehemu ya mwili wake, kama kidole kilivyo sehemu ya mkono. Kiungo hicho kina mishipa mingi ya damu na ya fahamu. Kwa hiyo maumivu ni makali na damu hutoka nyingi.

Mtoto mchanga ana damu kidogo. Kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kidogo, kwa mtoto kinaweza kuwa kifo. Wembe mchafu huweza kuingiza pepopunda na vijidudu vingine. Mtoto aliyekuwa na maambukizo sasa ana maambukizo na kidonda pia. Wengine hushindwa kukojoa. Wengine hupata makovu yanayowasumbua maisha yao yote.

Madhara huonekana tena wakati wa kujifungua. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanawake 28,393 katika nchi sita za Afrika, mojawapo ikiwa jirani yetu Kenya. Watafiti waliwalinganisha wanawake waliokeketwa na wasiokeketwa. Waliokeketwa walivuja damu nyingi zaidi baada ya kuzaa. Walipasuliwa zaidi wakati wa uzazi. Watoto wao walikufa zaidi wakati wa kuzaliwa.

Wewe mama uliyekeketwa, usisome maneno haya kwa aibu. Hukufanya kosa. Ulifanyiwa. Ukipata mimba, mweleze muuguzi mapema, ukajifungulie kituoni.

Kwa nini sasa wanakatwa watoto wachanga?

Zamani msichana alikatwa akiwa mkubwa, na watu walipiga ngoma. Sheria ilipokuja, ngoma ilinyamaza. Wembe ukaingia ndani usiku, ukamwendea asiyeweza kusema.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015–2016 ulionyesha kuwa yapata theluthi moja ya wanawake waliokeketwa nchini walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika utafiti huo, wanawake 31 katika kila 100 wa Mkoa wa Singida walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 20 katika kila 100. Kwa Tanzania nzima, hesabu imeshuka kutoka wanawake 18 katika kila 100 mwaka 1996 hadi 8 mwaka 2022.

Hesabu hizi zinatufundisha jambo. Desturi inaweza kuachwa, na watu wa Singida wanaiacha. Lakini hesabu hizi ni za wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Mtoto anayekatwa usiku huu hayumo humo. Tunaweza kumlinda sisi tunaoishi naye.

Sheria inasema nini?

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Sheria hiyo iliongeza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinasema kuwa mtu mwenye ulezi wa msichana aliye chini ya miaka 18, akimkeketa au akisababisha akeketwe, ametenda kosa la ukatili kwa mtoto. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mahakama huweza pia kuamuru mtoto alipwe fidia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mila yoyote inayoumiza mwili au akili ya mtoto.

Soma tena maneno haya: mwenye ulezi. Baba ni mlezi. Mama ni mlezi. Bibi anayeachiwa mtoto ni mlezi. Kwa hiyo baba hawezi kusema, "Hayo ni mambo ya wanawake," kisha akatoka nje. Kofia haimfichi.

Sheria inamtazama pia yule mama kijana wa mfano wetu. Katika nyumba nyingi mke mgeni hana sauti. Akikataa wembe, hutishwa kwa kipigo au kufukuzwa. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa kumwadhibu. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 12 na ya 13, inasema watu wote huzaliwa huru na sawa, tena ni sawa mbele ya sheria. Mtoto wa kike wa miezi minne ni mtu. Mama yake ni mtu. Haki hizo ni zao.

Tufanye nini?

Kwa mama na baba: Mtoto akiwa na homa, akilia anapokojoa, au akitoa uchafu sehemu za siri, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Msingoje. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, ni hatari kubwa. Mpeni dawa yote kama mlivyoelezwa, hata akionekana amepona.

Kuzuia ugonjwa: Badilisha nguo za mtoto zinapolowa. Mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Mwoshe kwa maji safi, usimwingizie dawa za majani wala sabuni kali ndani. Nawa mikono kabla na baada. Anika nguo zake juani.

Kwa bibi: Tunajua unampenda mjukuu wako, na uliyoyafanya uliyafanya kwa kutojua. Mpeleke wewe mwenyewe zahanati. Ukiona amepona kwa dawa, waeleze wenzako. Neno la bibi lina nguvu kuliko gazeti.

Kwa jirani: Ukisikia mtoto anataka kukatwa, toa habari mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, ofisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Unaweza kupiga simu namba 116, ya kusaidia watoto. Kama mtoto amekwisha kukatwa na anatoka damu, akimbizwe hospitali kwanza. Usimfiche kwa kuogopa polisi. Damu haingoji.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa katika vikundi, wakasoma, wakasikiliza redio, kisha wakainuka na kuchimba vyoo. Hawakuishia kusoma. Nasi tufanye hivyo. Katika nyumba ya mfano wetu, mume hajaenda mbali. Anaweza kugeuka, akamchukua mtoto na kwenda naye zahanati pamoja na mama yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Lawalawa husababishwa na nini?
2. Kwa nini wembe hauwezi kuponya maambukizo?
3. Katika mfano wetu, nani alikuwa na wajibu wa kumlinda mtoto? Eleza.
4. Kama mama mkwe ni mama yako, ungemwambia nini bila kumvunjia heshima?
5. Katika kijiji chenu, mtu akitaka kutoa habari usiku, aende kwa nani?