Mawingu ya Julai na Moshi wa Jiji: Mambo Ambayo Mkazi Anafaa Kujua

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Nairobi huamka na kukuta anga imefunikwa na mawingu ya kijivu. Pepo za kusini-mashariki huleta unyevu kutoka Bahari Hindi. Unyevu huo unapopanda nyanda za juu hupoa na kuwa mawingu ya chini. Siku nyingine jua halionekani hadi alasiri.

Wengi hudhani kwamba hewa ya baridi ni hewa safi. Sivyo.

Mawingu na hewa tunayovuta

Siku ya jua, lami, mabati na udongo hupata joto. Hewa iliyo karibu na ardhi nayo hupata joto, hupanda juu na kubeba moshi na vumbi, kisha upepo huvitawanya. Mawingu yakizuia jua, ardhi hubaki baridi na hewa haipandi sana. Moshi wa magari, wa majiko na wa takataka zinazochomwa hubaki chini, pale tunapopumua.

Hatari kubwa ni chembe ndogo zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Hazionekani kwa macho, lakini hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa.

Je, mvua haisafishi hewa?

Mvua kubwa, kama ile ya masika, huosha vumbi na chembe nyingi. Manyunyu ya Julai ni mepesi mno kufanya kazi hiyo.

Usiku mawingu hufanya kazi nyingine: hurudisha ardhini sehemu ya joto linalotoka kwenye kuta na lami. Ndiyo maana usiku wa mawingu hauna baridi kali kama usiku wa anga wazi.

Mkazi afanye nini?

• Usichome takataka, hasa plastiki. Asubuhi yenye mawingu moshi wake hauendi mbali. Unaingia kwa jirani.
• Washa jiko la makaa nje, na usilale nalo ndani ili kuota moto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa usingizini.
• Unapopika ndani, fungua dirisha hata kama kuna baridi.
• Mtoto, mzee au mwenye pumu akikohoa mfululizo au akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa.

Mawingu hatuwezi kuyaondoa. Moshi tunaweza kuupunguza.