Fowili Husaidia Kuondoka, Haisaidii Kusimama

Mvua zinapoanza katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, barabara hubadilika upesi kuliko desturi za madereva. Lami itokayo Kabale hadi Kisoro hupanda na kushuka kwa kona nyingi, ikipita msitu wa Echuya na Kanaba. Dereva akiiacha lami hiyo na kushika njia za udongo ziendazo Ruhija, Rushaga au Nkuringo, huweza kukutana na lami kavu, lami yenye maji na tope la kuzamisha tairi katika safari moja. Wengi hufanya safari hiyo kwa magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne, ambayo kwa desturi huitwa fowili, nao hutuuliza: nguvu hiyo iwekwe wakati gani, na iondolewe wakati gani?

Ndugu wananchi, swali hilo si la mafundi peke yao. Anayetembea kando ya barabara, mtoto anayerudi shuleni na mwendesha bodaboda wote wamo katika hatari ya gari lililoshindwa kusimama. Kwa sababu hiyo tunaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa ukamilifu.

Kwanza tufahamu kazi ya mtambo wenyewe. Katika fowili za kawaida, kama pikapu nyingi na Land Cruiser za kazi, injini husukuma magurudumu ya nyuma pekee wakati mpini mdogo ulio kando ya gia ukiwa kwenye alama ya 2H. Ukisogezwa kwenye 4H, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, zikalazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Alama ya 4L hufanya vivyo hivyo, lakini kwa mwendo mdogo sana na nguvu nyingi. Baadhi ya magari hayo yana habu za kufunga kwa mkono katika magurudumu ya mbele. Zisipofungwa, magurudumu hayo hayapati nguvu yoyote hata mpini ukisogezwa.

Ubaya wa kufunga ekseli hizo huonekana kwenye kona. Gari linapopinda, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope, tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha bila madhara. Kwenye lami kavu tairi imeshika, haiwezi kuteleza, na mkazo wote huingia katika shafti na giaboksi. Dereva atahisi usukani mzito, gari litasitasita kama limeshikwa breki, na matairi yatalia kwenye kona. Akiendelea hivyo, matairi yataisha upesi na meno ya gia yanaweza kuvunjika. Lililo baya zaidi ni kwamba gari halitatii usukani ipasavyo, hata kona iliyozoeleka ikalitupa upande wa pili wa barabara.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kwenye lami kavu, tumia 2H. Mpini ukikataa kurudi kutoka 4H, usiulazimishe. Hakikisha nyuma yako ni salama, kisha rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka. Mara nyingi mkazo hulegea na mpini ukakubali.

Kanuni ya pili yahusu murramu, tope na mchanga. Hapo 4H ndiyo mahali pake, nayo iwekwe kabla ya gari kukwama, magurudumu yakiwa yamenyooka na mwendo ukiwa mdogo. Dereva angojaye hadi tairi zimechimba shimo amechelewa. Alama ya 4L ni kwa mlima mkali, mteremko mkali au tope zito. Gari lisimamishwe kwanza, ndipo mpini usogezwe. Njia ikirudi kuwa lami, mpini nao urudi kwenye 2H.

Yapo magari mengine ambayo magurudumu yote hupata nguvu wakati wote, kama Land Rover Defender na Subaru nyingi. Hayo yametengenezwa kuruhusu tofauti ya mwendo kati ya mbele na nyuma, hivyo hayadhuriwi na lami. Hata hivyo, gari likiwa na kitufe au mpini wa kufunga difu ya katikati, kitumike kwenye tope tu, na kifunguliwe kabla ya kuingia kwenye lami. Asiyejua gari lake ni la aina gani asome kitabu chake au amwulize fundi kabla ya safari.

Na theluji je? Theluji ya Uganda iko juu ya Rwenzori, ambako hakuna barabara ya magari. Lakini mvua ya mawe huweza kuifunika lami kwa weupe, na wapo ndugu zetu wanaoendesha magari Kanada au Swideni. Kanuni haibadiliki. Theluji ikiwa imefunika barabara yote, 4H hufaa, kwa kuwa tairi huweza kuteleza kidogo. Ikiwa ni vipande vya theluji katikati ya lami kavu, mkazo tulioutaja hurudi. Juu ya barafu ngumu, usalama hutegemea matairi ya majira ya baridi na mwendo wa pole.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kila dereva alishike. Breki za gari lolote, liwe fowili au la kawaida, hushika magurudumu yote manne. Kwa hiyo fowili haina breki ya ziada. Gari la kawaida likiteleza wakati wa kuondoka humwonya dereva kwamba njia si salama. Fowili huondoka bila kuteleza, na dereva akanyimwa onyo hilo. Huongeza mwendo akidhani barabara inashika, kumbe kinachoshika ni mtambo wa kuondokea tu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, mita hizo zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka takriban mara nne.

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Gari lililopanda kilima cha tope kwa nguvu zake zote litalazimika kukiteremka. Kabla ya kuanza kushuka, weka gia ya kwanza au ya pili, acha injini ilizuie gari, na ukanyage breki kwa upole. Usiweke gia huru kwenye mteremko kwa nia ya kuokoa mafuta.

Twawaomba abiria nao wasinyamaze. Kumwambia dereva apunguze mwendo si utovu wa adabu. Gari likikwama, liwekewe alama za tahadhari mbele na nyuma, watu wakae mbali na barabara, na msaada uombwe kwa simu namba 999 au 112. Afadhali tuitwe kulivuta gari kutoka kwenye tope kuliko kuitwa kupima alama za matairi kwenye lami.